Programu isiyouliza nenosiri: kuikinga kwa nginx bila kuigusa

Programu nyingi za maduka na ofisi ndogo ziliandikwa na mtu ambaye hakuwaza kwamba siku moja zitakaa kwenye intaneti. Ninayoitunza mimi ni ya stoo: duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, lenye tawi Geita na jingine Sengerema. Imeandikwa kwa Python na kijana wa ukoo wa mwenye duka. Inajua kila tawi lina mifuko mingapi ya saruji na nondo ya milimita 12 inauzwa shilingi ngapi, lakini haimuulizi mtu yeyote yeye ni nani. Ilipokuwa kwenye kompyuta ya kaunta hilo halikuwa tatizo. Matawi yalipotaka nayo yaione, ikahamishiwa kwenye seva ya kukodi, na tangu hapo ilihitaji mtu wa kuuliza kwa niaba yake.

Wapo watakaosema iandikwe upya, iwe na ukurasa wa kuingilia. Kama mwandishi yupo na ana nafasi, hewala. Wetu yuko chuoni, na mimi si mtu wa kufungua msimbo wa mwenzangu nikaanza kubandika viraka. Kwa hiyo nenosiri tunaliweka nje ya programu, kwenye proksi. Proksi ninayoisema si ile ya ofisini inayowazuia wafanyakazi kuingia mitandao ya kijamii. Ni ile inayokaa upande wa seva: inapokea ombi la mteja, inaamua kama lipite, kisha inalipeleka kwa programu iliyo nyuma yake. Natumia nginx, ambayo Igor Sysoev aliitoa kwa umma mwaka 2004 na ambayo inatosha vizuri kwenye seva ndogo ya RAM ya gigabaiti 1. Caddy na Apache zinafanya kazi hiyo hiyo. Ukizizoea hizo, fuata mantiki na ubadilishe maneno. Mifano yote hapa ni ya Ubuntu au Debian.

Anzia porti ya nyuma

Maelekezo mengi huanza na faili la manenosiri. Mimi naanza kwingine, kwa sababu nimekuta seva nyingi zenye nenosiri zuri mbele na programu iliyo uchi nyuma. Ingia kwenye seva uandike amri hii, inayoorodhesha porti zilizo wazi (milango yenye namba ambayo programu hupokelea maombi):

```
sudo ss -tlnp
```

Katika majibu utafute mstari wa programu yako. Wa kwetu ulikuwa hivi (gunicorn ndiyo inayoendesha programu yetu ya Python):

```
LISTEN 0 2048 0.0.0.0:8000 0.0.0.0:* users:(("gunicorn",pid=912,fd=5))
```

Hiyo `0.0.0.0:8000` ndiyo ya kuangalia. Maana yake programu inasikiliza kwenye kila anwani ya mashine, pamoja na ile inayoonekana duniani. Hata ukiweka nginx kwenye porti 443 na nenosiri la herufi thelathini, mtu akiandika anwani ya IP ya seva na kuongeza `:8000` mwishoni, anaingia bila kuulizwa chochote. Ni kama kuajiri mlinzi wa getini huku ua wa nyuma umelala chini. Na huyo mtu hahitaji kulijua duka lako: kuna mashine zinazozunguka anwani zote za IPv4 usiku na mchana, zikigonga porti moja baada ya nyingine kuona ipi inaitika.

Dawa ni programu isikilize `127.0.0.1` tu, yaani mashine iongee na nafsi yake. Kwa gunicorn ni suala la kubadilisha neno moja kwenye mstari wa `ExecStart` wa huduma yake ya systemd, mfumo unaowasha programu za seva:

```
ExecStart=/opt/stoo/venv/bin/gunicorn --bind 127.0.0.1:8000 app:app
```

Kisha `sudo systemctl daemon-reload`, uwashe huduma upya, na urudie `ss`. Usiondoke hapo mpaka uone `127.0.0.1:8000`.

Wenye Docker, inayoendesha programu ndani ya kasha lake, wana mtego wao, na ni mbaya kwa sababu hauonekani. Ukiandika `ports: "8000:8000"` kwenye faili la compose, Docker yenyewe huingiza kanuni zake kwenye iptables (fayawoli ya Linux), na kanuni hizo hupitiwa kabla ya zile za ufw (chombo rahisi cha kuisimamia fayawoli hiyo). Kwa hiyo `ufw status` itakwambia porti 8000 imefungwa, nawe utalala usingizi mzuri, kumbe iko wazi. Andika `"127.0.0.1:8000:8000"` na jambo limekwisha.

Kama programu iko kwenye mashine moja na nginx kwenye nyingine, `127.0.0.1` haitakusaidia. Hapo fayawoli ya mashine ya programu iruhusu porti hiyo kutoka anwani ya nginx peke yake, na mawasiliano kati yao yapite kwenye mtandao wa ndani au ndani ya WireGuard (VPN, yaani njia ya siri kati ya mashine).

Kupima, usitumie kompyuta iliyo kwenye mtandao mmoja na seva. Chukua simu, zima Wi-Fi, tumia bando, na ufungue `http://` anwani ya IP ya seva `:8000`. Ukurasa usipofunguka, endelea.

Cheti kabla ya nenosiri

Mtindo wa nenosiri tunaoutumia unaitwa Basic. Ni wa zamani sana kwenye wavuti, na maelezo yake ya sasa yako kwenye waraka wa RFC 7617 wa mwaka 2015. Kivinjari huchukua jina na nenosiri, huyaunganisha kwa nukta mbili, huyageuza kuwa base64 na kuyatuma kwenye heda (mstari wa maelezo unaotangulia ombi) iitwayo `Authorization`, na hufanya hivyo kwa kila ombi. Base64 si usimbaji wa siri. Jaribu:

```
echo 'c3RvbzpzYXJ1amk=' | base64 -d
```

Utapata `stoo:saruji`. Yeyote aliye njiani kati ya simu ya Geita na seva yako, bila HTTPS, atasoma hivyo hivyo. Ndiyo maana cheti, kinachowezesha HTTPS, kinatangulia.

```
sudo apt install nginx apache2-utils certbot python3-certbot-nginx
sudo certbot --nginx -d stoo.example.com
```

Weka jina lako badala ya hilo la mfano, na uhakikishe DNS yake inaelekea kwenye seva na porti 80 na 443 ziko wazi kwenye fayawoli. Cheti cha kawaida cha Let's Encrypt (watoaji wa vyeti ambao certbot huwaomba) ni cha siku 90, na kifurushi cha certbot huja na saa yake ya kukihuisha chenyewe. Ukitumia certbot kwa mtindo wa webroot (unaoweka faili la uthibitisho kwenye folda ya tovuti) badala ya `--nginx`, kumbuka baadaye kuondoa nenosiri kwenye njia ya `/.well-known/acme-challenge/`, la sivyo uhuishaji utagonga nenosiri lako mwenyewe na cheti kitaisha muda huku ukishangaa.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu vyeti hivi: kila kinachotolewa huandikwa kwenye daftari la wazi ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma. Jina la `stoo` ulilodhani unalijua wewe na mhasibu tu huwa hadharani tangu dakika hiyo. Baada ya kupata cheti utaona kwenye logi (daftari la maombi la seva) wageni wakiulizia `/wp-login.php` na `/.env`. Usihangaike nao, ila usijidanganye kwamba jina gumu kukisia ni kinga.

Faili la majina

```
sudo htpasswd -B -c /etc/nginx/stoo.htpasswd mhasibu
sudo htpasswd -B /etc/nginx/stoo.htpasswd stoo-geita
sudo chown root:www-data /etc/nginx/stoo.htpasswd
sudo chmod 640 /etc/nginx/stoo.htpasswd
```

Angalia vizuri: `-c` iko kwenye mstari wa kwanza tu. Herufi hiyo inaunda faili jipya, na kama lipo tayari inalifuta lote na kuanza upya, bila kukuuliza. Unaongeza mtu wa saba, wale sita wanapotea.

`-B` inachagua bcrypt, njia ya kuficha nenosiri inayofanya kulikisia kuwe kwa polepole. Ukiiacha, htpasswd hutumia mtindo wake wa zamani uliojengwa juu ya MD5, ambao leo hauna sababu. Lakini hapa sharti nikuzuie kidogo, maana nimeona watu wakiongeza `-C 12` (kiasi cha kazi ya bcrypt) au zaidi kwa nia njema. Nginx haina kumbukumbu ya nani ameshaingia. Inahakiki nenosiri upya kwa kila ombi, na ukurasa mmoja wenye picha na mafaili ya mtindo unaweza kuwa na maombi ishirini. Kila hatua ya namba hiyo huongeza kazi maradufu, na nginx inapofanya hesabu hiyo haishughuliki na mwingine kwenye mchakato huo. Chaguo-msingi la htpasswd ni 5. Liache lilivyo, na badala yake wape watu nenosiri refu: maneno manne au matano yasiyohusiana, si jina la duka na mwaka.

Kila mtu awe na jina lake. Mwenye duka alipendelea nenosiri moja la wote, liandikwe kwenye karatasi juu ya kaunta. Nikamwuliza: mzee, mtunza stoo akiacha kazi, utawabadilishia wote? Kwa mtindo wa mtu na jina lake, unamwondoa mmoja tu:

```
sudo htpasswd -D /etc/nginx/stoo.htpasswd stoo-geita
```

Huhitaji hata kuigusa nginx, kwa kuwa husoma faili hilo kila inapopokea ombi. Na kwenye logi utaona jina la aliyefungua ukurasa, jambo ambalo siku hesabu zikigoma ni la thamani kuliko ulinzi wenyewe.

Maandishi ya nginx

Certbot imeshaandika sehemu yake. Hili ndilo faili kamili lilivyo kwangu, `/etc/nginx/sites-available/stoo`, ukiacha ule mstari wa porti 80 unaopeleka watu kwenye 443:

```
limit_req_zone $binary_remote_addr zone=stoo:10m rate=10r/s;

server {
    listen 443 ssl;
    server_name stoo.example.com;

    ssl_certificate     /etc/letsencrypt/live/stoo.example.com/fullchain.pem;
    ssl_certificate_key /etc/letsencrypt/live/stoo.example.com/privkey.pem;

    auth_basic           "Stoo";
    auth_basic_user_file /etc/nginx/stoo.htpasswd;

    location / {
        limit_req zone=stoo burst=40 nodelay;
        proxy_pass http://127.0.0.1:8000;
        proxy_set_header Host $host;
        proxy_set_header X-Forwarded-For $proxy_add_x_forwarded_for;
        proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;
        proxy_set_header X-Mtumiaji $remote_user;
        proxy_set_header Authorization "";
    }
}
```

`auth_basic` nimeiweka kwenye `server`, si ndani ya `location`. Kwa namna hiyo kila njia utakayoongeza mwakani inarithi nenosiri bila wewe kukumbuka. Isipokuwa njia yenye `return`: amri hiyo hutekelezwa kabla hatua ya kuuliza nenosiri haijafikiwa, kwa hiyo usijaribu ulinzi wako kwa `return 200` halafu ukadhani umeshindwa.

Mstari wa `Authorization ""` unaizuia nginx isiipelekee programu manenosiri ya watu. Programu haina haja nayo, na hujui inaandika nini kwenye logi zake.

`X-Mtumiaji` ni jina nililolibuni mwenyewe. Linabeba jina la aliyeingia, na kijana wetu alipopata wikiendi aliongeza mistari miwili: kila bei inapobadilishwa, programu huandika ni nani. Heda hiyo inaaminika kwa sababu moja tu, kwamba hakuna njia ya kuifikia programu bila kupita nginx. Kama porti 8000 ingekuwa wazi, mtu yeyote angeituma mwenyewe akajiita mhasibu. Rudia `ss` ukiwa na shaka.

Hapo hapo kuna mwanya mwingine. Duka lilipoanza kupokea malipo ya simu, mfumo wa malipo ulitaka anwani ya kutumia taarifa, na mifumo hiyo huja kama mgeni asiye na nenosiri lako. Njia hiyo lazima iachwe wazi:

```
    location = /malipo/taarifa {
        auth_basic off;
        limit_req zone=stoo burst=40 nodelay;
        proxy_pass http://127.0.0.1:8000;
        proxy_set_header Host $host;
        proxy_set_header X-Forwarded-For $proxy_add_x_forwarded_for;
        proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;
        proxy_set_header X-Mtumiaji "";
        proxy_set_header Authorization "";
    }
```

Tazama `X-Mtumiaji ""`. Bila mstari huo, heda ambayo mgeni ameibuni ingepita moja kwa moja mpaka kwa programu, kwa sababu nginx hupitisha isichoambiwa ikibadilishe. Na alama ya `=` inabana ruhusa kwenye anwani hiyo moja, isije ikafungua na `/malipo/taarifa/zote`. Kuhakiki kwamba taarifa ya malipo ni ya kweli, hiyo sasa ni kazi ya programu. Proksi haiwezi kujua.

Unganisha faili kwenye `sites-enabled` kama bado, halafu:

```
sudo nginx -t && sudo systemctl reload nginx
```

Usizoee `restart`. Ukiwa na kosa la nukta-mkato, `reload` huacha maandishi ya zamani yakiendelea kufanya kazi, wakati `restart` inaweza kukuacha bila seva kabisa.

Jaribu mara tatu, ukiwa nje ya mtandao wa seva:

```
curl -I https://stoo.example.com/
curl -I -u mhasibu https://stoo.example.com/
curl -I --max-time 5 http://ANWANI-YA-IP:8000/
```

Ya kwanza irudishe 401 (hujajitambulisha) pamoja na `WWW-Authenticate: Basic realm="Stoo"`. Ya pili ikuulize nenosiri, kisha irudishe 200 (sawa). Ya tatu ishindwe. Hiyo ya tatu watu huiruka, nami ndiyo ninayoitazama kwanza nikiitwa kukagua seva ya mtu.

Wanaobahatisha

Nginx haihesabu makosa ya nenosiri. `limit_req` inapunguza kasi, lakini anayebahatisha polepole ataendelea mpaka achoke. Kwa hao weka fail2ban (`sudo apt install fail2ban`), ambayo husoma logi na kuifungia anwani ya anayekosea mara nyingi, na ina kichujio tayari cha kazi hii. Kwenye `/etc/fail2ban/jail.local`:

```
[nginx-http-auth]
enabled  = true
maxretry = 8
findtime = 10m
bantime  = 15m
```

Mwongozo mwingi utakushauri umfungie mkosaji kwa siku nzima. Huku kwetu siwezi. Tawi la Geita linaingia kwa bando la simu, na kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP. Ukiifungia anwani hiyo kwa siku nzima kwa sababu ya mtu mwingine kabisa, tawi limefunga duka. Dakika kumi na tano zinamchosha anayebahatisha, na mtunza stoo aliyekosea anakunywa chai akirudi anaingia. Kwa sababu hiyo hiyo usiegemee `allow` na `deny` za anwani za IP kama watu wako wanatumia simu: anwani ya leo si ya kesho.

Basic isichoweza

Haina kitufe cha kutoka. Kivinjari hukumbuka nenosiri mpaka ukifunge, kisha kesho huuliza tena, kwa kisanduku kisicho na sura. Mama mhasibu alinipigia: "Fundi, hili likompyuta kila asubuhi linaniuliza mimi nani. Kwani limenisahau?" Nikamwambia, "Mama, halijakusahau, ulilizima." Hakuridhika, na ana haki yake. Pia hakuna namba ya pili ya kuthibitisha inayotumwa au kusomwa kwenye simu.

Ukitaka hayo, nginx ina amri ya `auth_request`. Kabla ya kupitisha ombi, inauliza huduma nyingine pembeni. Ikijibiwa 2xx inapitisha, ikijibiwa 401 au 403 inakataa. Huduma hiyo inaweza kuwa Authelia, yenye ukurasa wake wa kuingilia na namba za kuthibitisha, au oauth2-proxy, inayowaruhusu watu waingie kwa akaunti zao za Google au Microsoft. Ni nzuri, na ofisi yenye programu tano na watu hamsini ningeiwekea bila kusita. Kwa duka lenye watu wachache ni programu nyingine ya kuhuisha, nyingine ya kuamka nayo usiku. Na ikiwa watumiaji wote ni mafundi wenzako, WireGuard tupu bila ukurasa wowote hadharani ni bora kuliko yote.

Yaliyobaki ni malalamiko utakayopata wiki ya kwanza. 502 maana yake nginx iko hai ila programu imelala; angalia `systemctl status`. 504 ni ripoti inayochukua zaidi ya sekunde 60, na `proxy_read_timeout 180s;` inaitatua, japo kwanza muulize mwandishi kwa nini ripoti inachukua muda wote huo. Kurasa zinazojihuisha zenyewe zikikwama, huenda programu inatumia WebSocket, na utahitaji `proxy_http_version 1.1;` pamoja na heda za `Upgrade` na `Connection`. Na mhasibu akipakia jedwali la mwezi akapata 413, ni kwamba nginx hukataa kitu kinachozidi megabaiti 1 usipoiambia vinginevyo. Ongeza `client_max_body_size 10m;` chini ya `server_name`, pitisha `nginx -t`, `reload`, umwambie apakie tena.